Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Mkoa wa Ruvuma. Historia: Gharama za kukaribisha michezo ya mataifa.

  Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu, na walimu wa madarasa mna chaki mkononi. Aliye mbali na redio na asogee karibu.

Somo letu la leo ni la historia. Lakini leo hatutasoma habari za vita wala za wafalme. Tutasoma habari za fedha, yaani fedha ambazo serikali mbalimbali zimetumia ili kukaribisha michezo mikubwa ya mataifa. Swali letu ni hili: Je, yafaa serikali itumie fedha nyingi kwa kazi hiyo?

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: MWENYEJI. GHARAMA. DENI. MATENGENEZO. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti, kisha yaandikeni. Maneno hayo manne ndiyo yatakayotuongoza mpaka mwisho wa somo.

Mfano wa kijijini

Kabla hatujasafiri mbali, tuanze nyumbani. Wengi wenu mnaujua mganda. Watu wa kando ya Ziwa Nyasa na wa milima ya Umatengo wameucheza tangu siku za babu zetu. Kijiji kimoja hualika wachezaji wa kijiji kingine. Wageni wakija, hapana budi wale, wapate maji ya kuoga na mahali pa kulala. Wenyeji hutayarisha unga, hutafuta samaki au mbuzi, na hufagia uwanja. Hiyo ndiyo kazi ya mwenyeji, na kila mwenyeji hupenda asifiwe.

Sasa fikirini vijiji viwili. Huu ni mfano tu. Kijiji cha kwanza kiliposikia kwamba wageni wanakuja, watu wake walisema, "Maji yetu hayatoshi. Haya, tuchimbe kisima." Wakachimba. Wageni walikunywa maji yale siku mbili, na wenyeji wanakunywa hadi leo. Kijiji cha pili kilitaka kusifiwa upesi. Kikajenga banda kubwa la nyasi, refu kuliko nyumba zote, na kikakopa mbuzi kumi kwa jirani. Wageni walicheza, wakala, wakasifu, wakaenda zao. Mwaka uliofuata banda lilikuwa limeliwa na mchwa, lakini jirani alikuja kudai mbuzi wake.

Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika kijiji cha kwanza mwenyeji alipona. Katika kijiji cha pili mwenyeji aliugua. Wageni walikuwa wale wale na ngoma ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa katika kile kilichobaki walipoondoka.

Basi tuushike mfano huo. Kila tutakapofika katika historia yetu, tutauliza: Hiki kilikuwa kisima, au kilikuwa banda?

Michezo ilipokuwa midogo

Zamani kukaribisha michezo hakukuwa mzigo mkubwa. Hapa Afrika Mashariki, mwaka 1926, Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage. Kombe hilo lilitolewa na mwenye kiwanda cha sabuni wa Uingereza. Tanganyika na Zanzibar ziliingia baadaye, katika miaka ya 1940. Timu ya wageni ilifika kwa gari moshi au kwa meli, ikacheza katika uwanja uliokuwapo, ikarudi kwao. Hakuna aliyejenga mji mpya kwa ajili ya mechi.

Mwaka 1957 Kombe la Mataifa ya Afrika lilichezwa kwa mara ya kwanza mjini Khartoum, nchini Sudan. Je, mwajua ni timu ngapi zilicheza? Tatu tu: Misri, Sudan na Ethiopia. Afrika Kusini haikucheza, kwa kuwa serikali yake ya ubaguzi ilikataa kuleta timu iliyochanganya weusi na weupe. Uwanja mmoja ulitosha kwa mashindano yote.

Siku hizi kombe hilo hilo huchezwa na timu 24. Kila timu hutaka uwanja wa mazoezi, hoteli nzuri na hospitali iliyo karibu. Viwanja vya mechi hapana budi viwe na viti vilivyopangwa, taa kali za usiku na nyumba za watangazaji wa televisheni. Shirikisho la Mpira la Afrika hutuma wakaguzi, nao wasiporidhika, uwanja hukataliwa. Kwa hiyo karamu iliyokuwa ya watu watatu imekuwa karamu ya kijiji kizima, na gharama imepanda pamoja nayo.

Montreal na Los Angeles

Tuvuke bahari sasa, twende Kanada. Mwaka 1976 mji wa Montreal ulikaribisha Michezo ya Olimpiki. Meya wa mji aliwahakikishia watu ya kwamba michezo hiyo haiwezi kuleta hasara. Wakajenga uwanja mkubwa sana wenye mnara na paa la kufungua na kufunga. Kazi ilichelewa na gharama ikapanda mara nyingi kupita hesabu ya kwanza. Siku ya kufungua michezo ilipofika, mnara na paa havijamalizika.

Na deni je? Deni la michezo ile lilimalizwa kulipwa mwaka 2006. Fanyeni hesabu: 2006 toa 1976. Miaka 30! Mtoto aliyezaliwa wakati wa michezo ile alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake deni lilipokwisha. Sehemu ya fedha za kulipia ilitoka katika kodi ya tumbaku. Ninyi wa Namtumbo mnaolima tumbaku, sikieni hilo: mvutaji wa Montreal, kila alipowasha sigara, alikuwa akilipia uwanja.

Sisi Watanzania tunayo sababu nyingine ya kuikumbuka Montreal. Mwaka ule nchi yetu ilikuwa na Filbert Bayi, ambaye mwaka 1974, huko Christchurch, New Zealand, alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya mbio za mita 1,500. Ulimwengu wote ulingoja kumwona akishindana tena na John Walker wa New Zealand. Lakini Bayi hakukimbia Montreal. Tanzania pamoja na nchi nyingi za Afrika zilikataa kushiriki, kwa sababu timu ya ragbi ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini. Serikali yetu iliona kwamba heshima ya Mwafrika ni kubwa kuliko medali. Hapa tunajifunza jambo moja: heshima ya nchi katika michezo hainunuliwi kwa saruji peke yake. Mwaka ule tuliipata kwa kukaa nyumbani.

Miaka minane baada ya Montreal, mwaka 1984, Olimpiki ilifanyika Los Angeles, Marekani. Miji mingine ilikuwa imeogopa baada ya kuona deni la Montreal, na Los Angeles ilibaki karibu peke yake. Kwa kuwa haikuwa na mshindani, iliweza kusema, "Hatutajenga sana." Ikatumia uwanja wake mkuu wa zamani, ule ule uliotumika katika Olimpiki ya mwaka 1932. Wanariadha walilala katika mabweni ya vyuo vikuu. Kampuni za televisheni na za biashara zikalipia. Mwisho wa hesabu, ilibaki faida ya dola zaidi ya milioni 200.

Mwaona? Michezo ni ile ile ya Olimpiki. Mmoja alijenga banda akabaki na deni la miaka 30. Mwingine alitumia kisima alichokuwa nacho, akapona.

Jirani yetu Kenya

Sasa turudi Afrika Mashariki. Kenya ilikubaliwa kuwa mwenyeji wa Michezo ya Afrika ya nne. Michezo hiyo ilikuwa ifanyike mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini ilicheleweshwa hata ikafanyika Agosti 1987. Kwa msaada wa China, Kenya ilijenga uwanja mkubwa wa Kasarani, Nairobi, wenye nafasi ya watu 60,000, pamoja na ukumbi wa michezo ya ndani na bwawa la kuogelea. Timu ya mpira ya Kenya ilifika fainali, ikafungwa na Misri bao 1 kwa 0. Wakenya walihuzunika, lakini uwanja ulibaki kuwa wao.

Je, Kasarani ni kisima au ni banda? Wasikilizaji, jibu lataka uangalifu. Kenya ilipewa nafasi ya kukaribisha Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1996, kisha ikanyang'anywa kwa sababu matayarisho hayakutosha. Kombe likapelekwa Afrika Kusini. Kwa mashindano ya mwaka 2018 mambo yakawa yale yale. Kenya ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani, yaitwayo CHAN. Wakaguzi wakaona viwanja havijawa tayari, na mashindano yakapelekwa Morocco. Kwa hiyo mara mbili nchi yenye uwanja mkubwa ilishindwa kupokea wageni. Kuwa na uwanja mmoja wa zamani hakukutosha. Vingine havikuwa tayari, na matengenezo hayakwenda kwa wakati.

Lakini tusiidhulumu Kasarani. Mwaka 2017 vijana wa dunia nzima walikimbia hapo, na tena mwaka 2021. Tarehe 30 Agosti 2025, baada ya kutengenezwa, ulichezwa hapo mchezo wa mwisho wa CHAN, Morocco ikaifunga Madagascar mabao 3 kwa 2. Tangu 1987 hadi 2025 ni miaka 38. Uwanja unaotumika miaka 38 si banda la nyasi. Ni kisima, ila ni kisima ambacho mara kwa mara kilisahauliwa kufukuliwa tope.

Furaha isiyopimwa kwa fedha

Huenda mmoja wenu ananyosha mkono na kusema, "Mwalimu, wewe wahesabu shilingi tu. Je, furaha ya watu haina thamani?" Swali hilo ni zuri, na ni haki tulijibu.

Mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya Afrika Kusini kupata serikali ya watu wote, nchi hiyo ilikaribisha Kombe la Dunia la ragbi. Ragbi ulikuwa mchezo wa makaburu. Lakini siku ya fainali Rais Nelson Mandela aliingia uwanjani amevaa fulana ya timu ile, na watu weupe waliokuwa wakimwogopa walimshangilia kwa jina lake. Mwaka uliofuata, 1996, ikachukua Kombe la Mataifa ya Afrika lililotoka Kenya, ikalishinda nyumbani. Siku zile zilisaidia kuunganisha nchi iliyokuwa karibu kupasuka. Nani awezaye kutia bei kwa jambo kama hilo?

Lakini tazameni vizuri. Mwaka 1995 na 1996 Afrika Kusini ilitumia viwanja vilivyokuwapo tayari. Furaha ile haikuhitaji majengo mapya.

Mwaka 2010 ilikuwa tofauti. Afrika Kusini ilikaribisha Kombe la Dunia la mpira wa miguu, la kwanza katika bara la Afrika. Viwanja 10 vilitayarishwa, vingine vikajengwa upya kabisa. Afrika nzima ilijivuna, na wengi wetu tulikuwa mbele ya redio na televisheni. Treni mpya ya Johannesburg, Pretoria na uwanja wa ndege ilianza kazi mwaka ule, nayo hubeba watu kila siku. Hicho ni kisima. Lakini uwanja mpya wa Cape Town uliojengwa kando ya bahari haukupata mechi za kutosha kuujaza. Kwa miaka mingi halmashauri ya mji iliendelea kutoa fedha kila mwaka ili usiharibike.

Brazil, mwenyeji wa mwaka 2014, ilijenga uwanja wa watu zaidi ya 40,000 katika mji wa Manaus, ndani ya msitu wa Amazon, mahali pasipo na timu ya ligi kuu. Ugiriki, iliyokaribisha Olimpiki ya mwaka 2004 mjini Athens, iliacha viwanja kadhaa viote majani. Na mwaka 2013, kabla ya kombe kuanza, raia wa Brazil walijaa barabarani. Walianza kwa kulalamikia nauli za basi, kisha wakasema wanataka hospitali na shule zilizo nzuri kama viwanja vile. Nao ni watu wapendao mpira kuliko karibu watu wote duniani! Kwa hiyo tusiseme kwamba anayeuliza habari ya gharama ni adui wa michezo.

Kwetu Tanzania

Tumefika nyumbani. Mwaka 2007 uwanja mpya wa taifa ulifunguliwa Dar es Salaam, karibu na ule wa zamani tuliopatia Uhuru. Ulianza kujengwa wakati wa serikali ya Rais Benjamin Mkapa, kwa msaada wa China, na una nafasi ya watu 60,000. Rais Mkapa alipofariki mwaka 2020, ukapewa jina lake.

Uwanja huo haukujengwa kwa ajili ya mashindano ya mwezi mmoja. Ulijengwa kwa kuwa nchi ilihitaji uwanja. Simba na Yanga huchezea hapo, timu ya taifa huchezea hapo. Mwaka 2019 tulikaribisha mashindano ya Afrika ya vijana wenye umri chini ya miaka 17. Timu yetu ilifungwa mechi zake zote tatu, lakini hatukubaki na deni la uwanja mpya, maana uwanja ulikuwapo. Agosti 2025 Tanzania, Kenya na Uganda zilikaribisha CHAN pamoja, na mchezo wa kwanza ulikuwa hapo hapo Dar es Salaam. Tukaifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 0, tukafika robo fainali.

Lakini sasa someni tena neno la nne ubaoni: MATENGENEZO. Usiku mmoja wa Aprili 2023, mechi ya kimataifa ilisimama katika uwanja huo kwa sababu taa zilizimika. Mei 2025 Simba ilikuwa icheze hapo mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Mvua ilikuwa imeharibu nyasi, na wakaguzi wakasema uwanja haufai. Mchezo ukahamishiwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Na Amaan ni uwanja wa zamani, uliojengwa mwaka 1970, ukakarabatiwa na kufunguliwa tena Desemba 2023.

Hapo pana fundisho kubwa. Uwanja mzee uliotunzwa ulimpokea mgeni ambaye uwanja kijana ulishindwa kumpokea. Kujenga ni kazi ya miaka miwili au mitatu, na siku ya kufungua huwa na bendi na hotuba. Kutunza ni kazi ya kila siku, na hakuna bendi inayompigia mkata nyasi.

Hesabu ya kila mmoja wetu

Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kukaribisha pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika, lililopangwa kuchezwa mwaka 2027. Kwa ajili ya kombe hilo Tanzania ilianza kujenga uwanja mpya Arusha, wenye nafasi ya watu 30,000. Gharama iliyotangazwa ni shilingi bilioni 286 hivi.

Sasa shikeni kalamu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania. Tukizigawanya shilingi bilioni 286 kwa watu hao wote, pamoja na mtoto mchanga wa mgongoni, kila mmoja hupata fungu la shilingi 4,600 hivi. Nyumba yenye watu sita ni shilingi 27,600. Mkoa wetu wa Ruvuma ulihesabiwa watu 1,848,794. Fungu la mkoa mzima ni kama shilingi bilioni 8 na nusu.

Sisemi ya kwamba mtoza kodi atabisha hodi mlangoni kwako kudai shilingi 4,600. Lakini unaponunua sabuni dukani, ndani ya bei yake imo kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kawaida ni asilimia 18. Mkulima wa kahawa wa Mbinga, mkulima wa mahindi wa Songea na mvuvi wa Mbamba Bay wote hulipa. Na ikiwa serikali imekopa, basi deni ni letu sote. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na Arusha ni mbali zaidi. Wengi wetu hatutakaa katika viti vile. Kwa hiyo hatuulizi kwa wivu. Twauliza kwa sababu tumo katika hesabu.

Je, mimi nasema uwanja wa Arusha ni kosa? La. Arusha ni mji mkubwa, watalii hupita huko kila siku, na kaskazini mwa nchi hapakuwa na uwanja wa namna hiyo. Ukitumika kila juma kwa ligi, kwa riadha za shule na kwa mikutano, utakuwa kisima. Ukifunguliwa mara mbili kwa mwaka na kuachiwa popo, utakuwa banda. Jibu halitatolewa siku ya fainali. Litatolewa miaka kumi baadaye.

Hukumu yangu

Nimewaonyesha pande zote mbili. Sasa nitasema ninavyoona mimi, nanyi mtabishana nami darasani.

Naona kwamba serikali isitumie fedha nyingi kwa ajili ya mgeni peke yake. Na itumie kwa ajili ya mwenyeji, kisha mgeni afaidi pamoja naye. Kabla ya kujenga chochote, raia na waulize maswali matatu. La kwanza: Kama mashindano haya yasingekuja, je, bado tungekihitaji kitu hiki? La pili: Nani atakitunza mgeni akiisha kwenda, na fedha za kukitunza zitatoka wapi kila mwaka? La tatu: Je, hesabu imewekwa wazi mbele ya watu, kabla na baada ya kazi? Majibu yote matatu yakiwa mema, na tujenge, hata kama gharama ni kubwa. Jibu moja likiwa baya, afadhali tungoje.

Naona tena kwamba kushirikiana ni hekima. Nchi tatu zikigawana mashindano, hakuna hata moja inayolazimika kujenga viwanja vyote. Hivyo ndivyo majirani wafanyavyo katika harusi: huyu huleta sufuria, yule mikeka, mwingine kuni.

Wala tusisahau mahali wachezaji wanakotoka. Medali mbili za Olimpiki ambazo Tanzania imezipata zilitoka Moscow mwaka 1980: Filbert Bayi katika mbio za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Hatukuzipata kwa kuwa wenyeji wa michezo. Hapa Songea nako, klabu ya Majimaji ilipotwaa ubingwa wa Muungano katika miaka ya 1980, haikuinuliwa na karamu ya mataifa. Iliinuliwa na vijana waliocheza katika viwanja vya shule na vya vijiji, na na watu wa mji walioipenda. Serikali inayojenga uwanja wa watu 30,000 na isahau uwanja wa shule, itapata viti vingi lakini wachezaji wachache.

Wazee walisema pia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mashindano hayashiki jembe. Mashindano huondoka. Atakayebaki na jembe mkononi ni mwenyeji, naye ndiye mwenye haki ya kuuliza mapema: Mnachimba nini hapa?

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Los Angeles ilipata faida mwaka 1984, na Montreal ilibaki na deni. Elezeni tofauti ya miji hiyo miwili kwa maneno yenu.

2. Katika kijiji chenu au mtaa wenu, pana jengo lililojengwa kwa ajili ya wageni au sherehe? Je, linatumika hadi leo? Nani hulitunza?

3. Kama mngepewa shilingi bilioni 8 na nusu kwa mkoa wa Ruvuma, mngeanza na nini? Kila mmoja aandike jambo moja na sababu yake.

4. Mwalimu amesema kwamba furaha ya taifa haipimwi kwa fedha, lakini amesema pia tuhesabu gharama. Je, maneno hayo mawili yanapatana? Bishaneni kwa adabu.

5. Andikeni ubaoni, kisha daftarini, sentensi moja moja kwa maneno haya: mwenyeji, gharama, deni, matengenezo.

Ndugu wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Mwenye kuandika kwa shida asione haya. Na aandike sentensi moja tu leo, kesho ataandika mbili. Rudini nyumbani salama, na mkifika wasomeeni watoto hesabu tuliyoifanya. Kwaherini.